Vazilini, kremu, losheni, gliserini au mafuta ya jikoni: kumchagulia mteja wa farmasi kilainishi cha ngozi kavu

Mwezi wa tano mvua inakatika Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na hadi mwezi wa tisa ngozi zinapauka. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inashuka chini ya digrii 10. Watu wanaoga maji ya moto, wanaota mbabula (jiko la makaa) asubuhi, na mchana upepo mkavu unawapakaza vumbi jekundu. Ndipo kuanzia Kenya hadi Ruashi, komini (mitaa mikubwa) za mji huo, farmasi zinasikia ombi lile lile: "Mama, nipe mafuta mazuri ya ngozi kavu." Mara nyingi mteja anapewa kikopo kilicho karibu na mkono wa muuzaji, kinaisha siku ya tatu, na wiki inayofuata anarudi akisema dawa haifanyi kazi.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeuza vilainishi anapaswa kulijua. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililofuata watoto 550 wenye ukurutu (eksima) kwa wiki 16. Kundi moja lilipewa losheni, la pili kremu, la tatu jeli, la nne pomadi nzito (mafuta mazito kama vazilini). Hakuna aina iliyoshinda nyingine katika kutuliza ukurutu. Tofauti iliyoonekana ni kwamba pomadi nzito iliwachoma watoto wachache zaidi wakati wa kupakwa. Kwa hiyo mteja anayeuliza "ipi ni kali zaidi?" ajibiwe kwa maswali: ataipaka kila siku? Itatosha mwili wake? Itavumilika kwenye kazi yake, nguo zake na mfuko wake?

Maswali ya kuuliza kabla ya kugusa rafu

Kavu iko wapi, na kwa kiasi gani? Miguu iliyopauka tu ni jambo dogo. Ngozi iliyokunjamana ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, inayowasha, mara nyingi ni ukurutu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu kama wa picha za vitabu: ukurutu unaonekana kijivu, kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingi kama vipele vidogo vidogo vinavyoparuza mkono ukivipapasa. Mwombe mteja apitishe kiganja chake pale panapowasha, kisha pale penye afya, aseme tofauti.

Anaoga na nini? Sabuni ya kipande ina ualkali, yaani kinyume cha uchachu, kuliko ngozi inavyopenda: kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH ngozi ina karibu 5, sabuni ya kawaida ina 9 hadi 10. Anayeoga na sabuni ya kufulia, akajisugua kwa nguvu kwa maji ya moto, anaondoa kwa dakika tano mafuta ambayo kikopo chako hakiwezi kuyarudisha. Mwambie maji yawe vuguvugu, aoge dakika 5 hadi 10, na sabuni iende kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Kwingine anaweza kuoga kwa kremu yenyewe: anachukua kijiko kimoja, anachanganya na maji mkononi, anapaka, anasuuza. Haitoi povu, lakini ngozi inakuwa safi.

Na kazi yake? Fundi wa garaji anayenawa kwa petroli na sabuni ya unga, mama anayeshinda na mikono kwenye beseni la maji, mchimbaji anayeosha mawe: hao mikono yao haiponi kwa losheni.

Vazilini na kremu

Vazilini haina maji ndani. Ni mafuta matupu ya madini yanayokaa juu ya ngozi na kuzuia maji ya mwilini yasitoke, na katika kazi hiyo ya kuziba inayapita mafuta mengi ya mimea. Kwa kuwa haina maji, haihitaji dawa ya kuihifadhi, na kisichokuwamo hakiwezi kuchoma. Ndiyo maana kwa ngozi iliyopasuka, kwa mtoto anayelia akipakwa kremu, na kwa mfuko mwembamba, tunaiweka mbele. Imekuwa ikiuzwa tangu miaka ya 1870, na sioni sababu ya kumwonea haya mteja anayeiomba.

Inashindwa wapi? Kwanza, ikipakwa kwenye ngozi kavu yenye vumbi. Vazilini haiongezi maji, inafungia yaliyopo. Ngozi ikiwa haina kitu, inafungia ukavu na kushika vumbi juu. Ipakwe ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, baada ya kujikausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Pili, joto la mwezi wa tisa na wa kumi likija, inaziba vinyweleo, hasa mapajani na kifuani, na vipele vyenye usaha vinatokea. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo vinaacha madoa kwa miezi. Tatu, inachafua shati la kazi na kitabu cha shule, na mtu asiyetaka kuchafuliwa ataiacha nyumbani.

Kremu ni mafuta yaliyochanganywa na maji. Inaingia upesi, haing'ai, mtu anavaa nguo baada ya dakika chache. Kwa uso, kwa mchana, kwa mfanyakazi wa ofisi na kwa msimu wa joto, tunachagua kremu. Ila maji yake yanahitaji dawa ya kuhifadhi, na dawa hiyo, au manukato, inaweza kuwasha ngozi iliyojeruhiwa. Kuchoma kwa dakika mbili tatu kwenye ngozi iliyopasuka huwa kunapita. Kukiendelea, au vipele vipya vikitokea, badilisha. Kwa mteja mwenye historia ya mzio, ajaribu kwanza mahali padogo ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, siku tano hadi saba.

Kuna kremu moja nyeupe ya bei ndogo ambayo bado inauzwa sehemu nyingi kama kilainishi: ile yenye sodium lauryl sulfate, yaani dawa ya povu. Mwaka 2013 shirika la kudhibiti dawa la Uingereza lilionya kuwa inawasha ngozi ya wenye ukurutu, hasa watoto. Geuza kikopo, soma nyuma. Ukiliona jina hilo, usimuuzie mtu wa kuipaka na kuiacha mwilini.

Kama mteja anaweza kununua viwili, anunue kremu ya mchana na vazilini ya usiku. Kama ni kimoja, na ngozi yake inapasuka, basi vazilini.

Losheni

Ina maji mengi zaidi, na kwa hiyo inaisha nguvu upesi zaidi. Inafaa mwili mkubwa usio mkavu sana, kifua chenye nywele, au kichwani. Wakati wa baridi kavu itabidi ipakwe mara tatu nne kwa siku, na ni wachache wanaofanya hivyo. Manukato yake ndiyo yanayoiuza na ndiyo yanayowasha: kwa mtoto mwenye ukurutu tafuta chupa isiyo na neno "parfum" kwenye orodha ya viungo.

Gliserini na urea

Gliserini inapendwa sana, na inaharibiwa kwa kutumiwa tupu. Kazi yake ni kuvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu, inayavuta humo. Mwezi wa saba hewa ya Lubumbashi haina ya kutoa, kwa hiyo inayavuta kutoka ndani ya ngozi, na mtu anabaki ananata huku ngozi ikikaza. Ichanganywe: kijiko kimoja cha gliserini, vijiko vitatu au vinne vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Itengenezwe ya siku moja tu, kwa sababu haina cha kuihifadhi. Ipakwe kwenye ngozi yenye unyevu, kisha vazilini kidogo juu yake. Hapo gliserini inashika maji, vazilini inayafungia.

Wanaochanganya gliserini na ndimu au limau ili "kusafisha rangi" waambiwe wazi: maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza, na yanaacha mabaka meusi kuliko yale waliyotaka kuyaondoa.

Urea nayo inavuta maji, lakini ikizidi inayeyusha ngozi ngumu. Soma asilimia kwenye tyubu. Ya 5 hadi 10 ni ya mwili mkavu wenye magamba. Ya 20 hadi 40 ni ya magaga ya kisigino peke yake, haiendi usoni wala kwenye mikunjo. Inachoma vikali kwenye mpasuko ulio wazi, kwa hiyo mwenye kisigino kinachotoa damu aanze na vazilini usiku pamoja na soksi ya pamba, na mpasuko ukifunga ndipo aingie kwenye urea. Hatua zake: miguu kwenye maji vuguvugu dakika 10, jiwe la kusugulia taratibu upande mmoja bila kwenda na kurudi, kukausha hadi katikati ya vidole, kupaka, soksi. Mwenye kisukari asiloweke, asitumie wembe wala jiwe. Akiwa na mpasuko, aonwe kituo cha afya. Kwa watoto wadogo urea tunaiacha kwenye rafu.

Mafuta ya jikoni na ya asili

Hapa watu wana pesa ndogo na mapenzi makubwa, na hakuna sababu ya kuwacheka. Mafuta ya alizeti ndiyo tunayoyatetea kati ya yote ya jikoni: yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi inaitumia kujenga ukuta wake. Yawe mapya, ambayo hayajakaanga kitu, na yamiminwe kwenye chupa ndogo safi ya mtu mmoja. Ya zeituni, ambayo wengi wanayaheshimu kwa bei yake, yana asidi ya oleiki nyingi, na uchunguzi umeonyesha yanalegeza ukuta wa ngozi. Mtoto mwenye ukurutu asipakwe.

Mawese mekundu yanalainisha, lakini yanatia rangi ya chungwa kwenye nguo na kwenye ngozi. Kwa kichanga rangi hiyo ni tatizo la kweli, kwa sababu macho ya mama hayataona ngozi ikigeuka ya manjano. Siagi ya karite, inayotoka Afrika Magharibi na kuendelea hadi kaskazini mwa Uganda, ni nzito, nzuri kwa viwiko na visigino, na inachukua nafasi karibu na vazilini. Bei yake tu ndiyo inayoirudisha nyuma.

Akina mama wanaonunua mafuta ili mtoto mchanga asipate ukurutu wasiahidiwe. Jaribio lingine kubwa la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2020, halikuona kuwa kumpaka mtoto kila siku tangu kuzaliwa kunazuia ukurutu. Na mafuta ya kuweka kwenye maji ya kuoga yaliangaliwa mwaka 2018 kwa watoto wenye ukurutu: hayakuongeza faida juu ya kilainishi cha kupaka. Pesa hiyo iende kwenye kopo kubwa zaidi.

Kopo kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo matibabu mengi ya ngozi kavu yanapofia. Kwa mtu mzima anayepaka mara mbili kwa siku, wiki moja inakula hivi:

| Sehemu | Kremu au pomadi nzito | Losheni |
|---|---|---|
| Uso | gramu 15–30 | mililita 100 |
| Viganja na migongo ya mikono | gramu 25–50 | mililita 200 |
| Mikono yote miwili | gramu 100–200 | mililita 200 |
| Miguu yote miwili | gramu 100–200 | mililita 200 |
| Kifua, tumbo na mgongo | gramu 400 | mililita 500 |

Mwenye ukurutu mwili mzima anahitaji gramu 600 au zaidi kwa wiki, mtoto gramu 250 hadi 500. Sasa tazama kile kikopo cha gramu 50 ulichokuwa ukimpa. Kwa miguu iliyopauka tu kinatosha siku mbili au tatu.

Bei ilinganishwe kwa gramu. Tuseme kikopo cha gramu 100 ni faranga 5.000, na kopo la gramu 450 ni faranga 15.000. La kwanza ni faranga 50 kwa gramu, la pili ni karibu 33. Chukua karatasi, piga hesabu mbele ya mteja. Anayelipwa kwa siku hawezi kutoa 15.000 kwa mara moja, basi amwambie ndugu au jirani wanunue pamoja na kugawana siku hiyo hiyo kwenye vyombo vilivyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Kopo moja la familia nzima lisichotwe kwa vidole: kijiko safi kila mara, maana vidole vinapanda vijidudu ndani, na ngozi ya ukurutu inavipokea upesi.

Namna ya kupaka, na dawa nyingine

Onyesha kwa mkono wako. Weka nukta tano sita za kilainishi kwenye muundi, kuanzia goti hadi kifundo. Ziunganishe kwa kiganja kuelekea chini, upande nywele zinakolala. Usizungushe, usisugue. Ngozi ibaki inang'aa kidogo: baada ya dakika 10 ukigusa isikwaruze, na kilichobaki juu kisifutwe.

Aliyepewa na daktari kremu ya kortikoidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) asiichanganye na kilainishi mkononi. Aache dakika 20 hadi 30 kati ya moja na nyingine, vinginevyo kilainishi kinaipunguza dawa na kuisambaza mahali isipotakiwa. Kipimo cha kortikoidi ni mstari wa tyubu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza: ni kama nusu gramu, unatosha ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Kilainishi hakina kipimo hicho. Kinapakwa kwa wingi, mara mbili hadi nne kwa siku, hata siku ngozi imetulia.

Mambo mawili ambayo muuzaji mwenye aibu anayaacha, na hapaswi. Vazilini na mafuta yoyote yanaharibu kondomu za mpira kwa dakika chache. Na moto: nguo, blanketi au bandeji iliyonyonya kilainishi inashika moto haraka na kuwaka kwa nguvu. Mwaka 2018 shirika lile lile la kudhibiti dawa la Uingereza lilionya kuwa hatari hiyo ipo kwa vilainishi vyenye parafini na visivyo nayo, na kwamba kufua kunapunguza bila kuondoa yote. Kwetu, usiku umeme ukikatika, mshumaa unawekwa kando ya kitanda na mbabula katikati ya chumba. Mzee aliyepakwa miguu asisogeze kitenge chake karibu na makaa, wala asivute sigara kitandani. Mtu akiuliza, parafini ya kwenye kopo ni mafuta laini yaliyosafishwa, siyo mafuta ya taa. Asijaribu kubadilisha moja kwa nyingine.

Vile ambavyo havimo kwenye ulinganisho

Losheni na kremu za kujichubua hazilainishi ngozi kavu, ingawa zimepangwa kwenye rafu ile ile. Ukisoma "hydroquinone", "clobétasol" au "mercure", rudisha. Clobétasol ni kortikoidi yenye nguvu sana: wiki za kwanza ngozi inakuwa laini na mteja anafurahi, kisha inakonda kama karatasi, inapasuka mistari, na akiacha ghafla inawasha kuliko mwanzo. Mteja anayekuja na ngozi kavu inayowaka usoni aulizwe kwa upole anapaka nini kingine. Na mwenye ualbino ajue kwamba hakuna kilainishi hapa kinachozuia jua.

Mwingine hapaswi kuuziwa kitu siku hiyo. Baka lenye rangi hafifu lisilohisi ukiligusa kwa pamba: ukoma, kituo cha afya. Muwasho wa usiku katikati ya vidole, nyumba nzima ikijikuna: upele, dawa yake ni nyingine na inatibu wote pamoja. Duara lenye ukingo ulioinuka: choa. Magamba ya manjano yanayotoa maji: vijidudu vimeingia. Homa pamoja na malengelenge, au vidonda vinavyofanana vilivyotokea kwa pamoja, pamoja na tezi zilizovimba: mpox au tutuko lililovamia ukurutu, na huyo anapelekwa leo leo.

Aliyeuziwa arudi baada ya wiki mbili na kopo lake. Kikiwa bado kimejaa, shida iko kwenye kupaka, na kilainishi hakihitaji kubadilishwa. Kikiwa kitupu na ngozi bado inawasha, ndipo badilisha aina au mwelekeze kwa daktari. Mwezi wa kumi, vazilini iliyoyeyuka kwenye kibanda cha bati ikiganda tena ni nzima. Kremu iliyojitenga maji na mafuta, au iliyopita miezi iliyoandikwa kwenye alama ya kopo lililo wazi, itupwe hata kama imebaki nusu.